Baba Mapinduzi, Mama Uhuru

Wengi wetu Unguja hatuna jina la ukoo la kujifichia. Mtu ni jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Ndivyo anavyoandikwa skuli, ndivyo anavyosomeka kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na siku akiondoka duniani ndivyo redio itakavyomtangaza, kabla ya ule msururu wa mama yake nani, mjomba wake nani, maziko saa ngapi na kijiji gani.

Kwa hiyo mzazi anayempa mwanawe wa kiume jina la siasa hampi yeye peke yake. Tuseme mtoto kazaliwa Januari 1964 akaitwa Mapinduzi, baba yake Haji. Miaka thelathini mbele mwalimu wa darasa la kwanza anaita mahudhurio: Asha Mapinduzi Haji. Miaka mingine thelathini, mwalimu mwengine, daftari jengine: Khamis Juma Mapinduzi. Asha hakumpindua mtu, Khamis hata simu ya mezani hajaiona, lakini wote wawili wanatembea na asubuhi ya tarehe 12 Januari 1964 kwenye vyeti vyao. Mtoto wa Khamis ndiye atakayelitua.

Na jina halishuki tu, linapanda pia. Mtoto akishaitwa Mapinduzi, mama yake naye analikosa lake mtaani. Atakuwa Mama Mapinduzi dukani, harusini na kwenye foleni ya maji, mpaka awe bibi. Baba hali kadhalika. Huwa nawaambia wenzangu wa barazani kwamba mwenye mapenzi makali na chama chake anunue bendera, kwani bendera hukunjwa ikatiwa kabatini.

Kwa mabinti mambo ni mbali. Binti akiitwa Uhuru jina halivuki, maana wanawe watachukua la baba yao na la babu mzaa baba. Siasa iliyodumu kwenye madaftari yetu ni ile waliyopewa wavulana. Ile waliyopewa wasichana imewapandisha mama zao ngazi moja, Mama Uhuru, halafu ikaishia hapo.

Mfano ulio karibu zaidi uko Ikulu. Rais wa kwanza wa Zanzibar aliitwa Abeid Amani Karume. Mwanawe aliyezaliwa 1948, wakati Mapinduzi hayajaotwa, alipewa jina la babu yake, akawa Amani Abeid Karume, naye akaja kuwa Rais kuanzia 2000 hadi 2010. Hapo hapakuwa na siasa, ilikuwa desturi ya kumrudisha babu nyumbani. Siasa ilijileta yenyewe baadaye. Novemba 2009, Rais Amani alipokutana na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, na maridhiano yakaanza, hapakuwa na haja ya kutafuta kaulimbiu. Mwenyeji alikuwa nayo tangu siku ya akika yake.

Rais Samia Suluhu Hassan naye, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1960, ana jina la kati ambalo si lake, ni la baba yake. Tangu alipoapishwa 19 Machi 2021 jina hilo halijapumzika. Wapambe wanaliimba, wapinzani wanaliulizia liko wapi. Mzee aliyemwita mwanawe Suluhu, enzi za Sultani, hakuwa akiifikiria Ikulu ya Chamwino.

Kumwita mtoto kwa kilichotokea si jambo geni kwetu. Kalenda imezalisha akina Juma, Khamis, Ramadhani, Rajabu na Mwanaidi, na Haji kwa aliyezaliwa mwezi wa Hija. Baada ya kalenda huja hali ya nyumba, ndiyo tukapata akina Shida, Tabu, Mashaka, Sikujua na Subira. Siasa ilipokuja ilikuta mlango uko wazi.

Tena hata kabla ya vyama, jina lilikuwa siasa tosha. Msichana aliyezaliwa Fumba yapata 1880, katika familia ya watumwa, aliitwa Mtumwa binti Saad. Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini sheria ile haikugusa majina. Alihamia mjini 1911, sauti yake ikampandisha hadi kwenye kumbi za wakubwa, na huko ikawa haiwezekani tena kumkaribisha kwa jina lile. Akawa Siti. Kwa jina la Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, na kwa jina hilo Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Hadi leo wako bibi zetu waitwao Mtumwa, na wala hawaoni haya, wengi wao walipewa jina hilo kwa kunyenyekea Mungu au kumkinga mtoto na kijicho. Lakini Siti alijua la kwake lilitoka wapi.

Sasa tuje Darajani. Daraja lenyewe hakuna aliye hai na meno yake anayelikumbuka vizuri. Lilivuka maji ya pwani ndogo iliyoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, upande huu nyumba za mawe, upande ule nyumba za udongo na makuti. Maji yakafukiwa, jina likabaki. Soko lililofunguliwa 1904 liko palepale na mnada wake wa samaki na kelele za kuku, na barabara ya mbele yake iliyokuwa Creek Road leo ni ya Benjamin Mkapa. Katika miaka ambayo wazee huiita wakati wa siasa, tangu uchaguzi wa Julai 1957 hadi ule wa Julai 1963, Darajani palikuwa makao ya chama cha Hizbu, na wapinzani wao wa Afro-Shirazi wakiwa Kijangwani, mwendo wa miguu tu. Watu waligomeana maduka, wakagomeana maziko, na mke akarudishwa kwao kwa sababu ya kadi ya chama. Uchaguzi wa Juni 1961 uliishia kwa fujo zilizoua watu 68.

Katika hali kama hiyo jina la mtoto lilisikilizwa na jirani kwa sikio lile lile la kusikilizia matokeo ya kura. Wafuasi wa Hizbu walimpenda mno Gamal Abdel Nasser, na Redio Cairo ilikuwa ikiingia majumbani kwa Kiswahili. Jamal na Nasser yakapata ladha mpya. Lakini tazama ufundi uliokuwemo. Nassor ni jina la miaka mingi Unguja, lilikuwepo kabla Misri haijapata rais. Barazani baba mtu angeweza kuacha watu waelewe wanavyotaka, na mbele ya afisa wa serikali akasema, kwa uso mkavu, kwamba hilo ni jina la babu. Nitalirudia jambo hili, maana naona ndilo lililotushinda kulisema wazi sisi wenyewe.

Halafu ukaja mwaka ambao jina lilikuwa kama kadi ya karata. Uhuru kutoka kwa Muingereza ulipatikana 10 Disemba 1963, Sultani Jamshid bin Abdullah akiwa mkuu wa nchi. Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, siku 33 baadaye. Mtoto aliyeitwa Uhuru ndani ya siku hizo alipewa jina la furaha, na kabla mama yake hajatimiza arubaini jina hilo likawa linahitaji maelezo, kwani serikali mpya haikuutambua uhuru wa Disemba. Sherehe zetu ni za Januari. Aliyepewa la Jamshid alikuwa na mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa Sultani mwenyewe alikwishakimbia nchi, akaishi Uingereza zaidi ya nusu karne, akaruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020 na kufia Maskati 30 Disemba 2024. Tarehe 26 Aprili 1964 ukafuata Muungano. Mzazi aliyekuwa na mke mja mzito miezi ile angefanya vyema kusubiri.

Serikali ya Mapinduzi nayo ilitoa majina, ila ilianza na majengo. Hospitali ya Karimjee Jivanjee ikawa V. I. Lenin, ndiyo Mnazi Mmoja tunayoijua. Skuli zikaitwa Lumumba, Ben Bella na Haile Selassie. Chuo cha ualimu cha Beit el Ras kikapewa la Nkrumah. Uwanja wa mpira wa Kikwajuni ukawa Mao Tse Tung. Na skuli ya masista wa Mtakatifu Yosefu ikaitwa Tumekuja, jina linalotamkwa kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Basi kuna rika zima la Wazanzibari wenye majina ya kawaida kabisa, Fatma, Omar, Zuwena, ambao walizaliwa Lenin, wakasoma Ben Bella na wakacheza mpira Mao. Wangesimulia maisha yao hivyo Moscow wangepewa chai.

Majengo yana bahati. Lenin alipoondolewa hospitalini ubao ulibadilishwa, mambo yakaisha, hapana mtu aliyelazimika kwenda kwa sheha kuomba barua.

Watoto hawakuwa na bahati hiyo. Mfano maarufu wa Unguja ni wa Ali Sultan Issa, komredi wa kambi ya Abdulrahman Babu, aliyekuwa Waziri wa Elimu na baadaye wa Afya baada ya Mapinduzi. Kumbukumbu zake zimo katika kitabu cha mwanahistoria G. Thomas Burgess kilichotoka 2009, pamoja na zile za Maalim Seif. Bwana huyu aliwapa watoto wake majina ya mashujaa wa ukomunisti, Stalin akiwemo. Stalin, Unguja, na jua lile! Na wala haikuwa kutojua. Khrushchev alikwishamfichua Stalin mbele ya chama chake Februari 1956, na mwaka 1961 mji wa Stalingrad ulikwishageuzwa Volgograd. Lakini makomredi wetu walikuwa wakitazama Peking zaidi kuliko Moscow, na Peking Stalin alikuwa bado na heshima yake. Kwa hiyo jina lile lilikuwa tangazo la upande gani wa ugomvi wa wakubwa baba mtu amesimama, ugomvi wenyewe ukiwa maelfu ya maili kutoka Forodhani.

Baada ya Karume kuuawa 7 Aprili 1972, Ali Sultan alikamatwa pamoja na makomredi wengine, akakaa jela hadi 1978. Alipotoka, baada ya miaka kadhaa, akawa mmoja wa watu wa mwanzo kuleta hoteli kubwa za watalii ufukweni. Baba alihama kutoka ukomunisti hadi vitanda vya kuotea jua. Majina ya watoto hayakuhama naye.

Yasije yakadhaniwa ni vituko vya kisiwani tu. Warusi wenyewe waliwaita watoto wao Vladlen, kwa kuunganisha Vladimir na Lenin, na mabinti Ninel, ambalo ni Lenin lililosomwa kinyumenyume. Kule India, jimbo la Tamil Nadu, M. K. Stalin alizaliwa 1 Machi 1953, siku nne kabla ya Stalin wa Urusi kufa, na Mei 2021 akaapishwa kuwa kiongozi wa serikali ya jimbo. Jirani zetu wa Kenya hawako nyuma. Raila Odinga, aliyesomea Ujerumani Mashariki, alimwita kifungua mimba wake, aliyefariki Januari 2015, Fidel Castro, na binti yake wa mwisho Winnie, la Winnie Mandela. Wakili P. L. O. Lumumba alizaliwa Julai 1962, mwaka mmoja na nusu baada ya Patrice Lumumba kuuawa Katanga. Usiku wa Novemba 2008 Barack Obama alipochaguliwa, wodi za uzazi za Kisumu zilijaa akina Barack na Michelle. Na alipoitembelea Kenya Julai 2015, mtoto mmoja akaondoka na jina la AirForceOne Barack Obama. La ndege ndilo la kwanza.

Wengine hawakuchagua. Mobutu mwaka 1972 aliwataka Wakongo waache majina ya Kikristo na kuchukua ya wahenga wao. Yeye mwenyewe akaliacha la Joseph-Désiré na kujiongezea msururu unaoanzia Mobutu Sese Seko, na makasisi wakatishiwa kifungo wakibatiza mtoto kwa jina la Kizungu. Watu wa Bukavu na Goma wakawa na la serikalini na la nyumbani. Utawala ulipolegea miaka ya tisini, Jean na Marie wakarudi mezani wazima wa afya.

Ukiyaweka yote haya pamoja, mimi naona mzazi aliyechagua tukio alifanya busara kuliko aliyechagua mtu. Mwalimu Nyerere alikuwa na mtoto aitwaye Madaraka na mwengine aitwaye Huria. Tanganyika ilipata serikali ya madaraka Mei 1961 na uhuru Disemba mwaka huo huo, na hakuna kilichotokea tangu hapo kilichoyatia doa majina hayo. Uhuru Kenyatta alizaliwa 26 Oktoba 1961, miezi michache baada ya baba yake kuachiwa kutoka kizuizini na miaka miwili kabla ya Kenya kuupata uhuru wenyewe. Lilikuwa jina la dua, na dua ikajibiwa. Tukio likishapita huwa tarehe, na tarehe haitoroki na fedha za umma wala haikamatwi. Mtu aliye hai bado anaweza kukuaibisha.

Waulizeni akina Saddam. Vita vya Ghuba vya 1990 na 1991 vilipomgeuza rais wa Iraq kuwa shujaa wa mabaraza ya pwani nzima, kutoka Lamu hadi Unguja, walizaliwa vijana ambao leo wako kwenye thelathini na kitu, na kila wakikabidhi pasipoti kwenye dirisha la uwanja wa ndege wa Ulaya hubidi wasubiri kidogo. Hawakuwa na habari na Kuwait.

Hata tukio lina hatari zake. Bara kuna Vita Kawawa, aliyekuwa Mbunge wa Namtumbo, mwana wa Mzee Rashidi Kawawa aliyejulikana kama Simba wa Vita, na jina hilo huko halimshangazi mtu. Huku visiwani mzee mmoja mmoja angekohoa kidogo, kwa kuwa tunasimuliwa katika hadithi kwamba Sayyidna Ali alitaka kumwita mwanawe Harb, ambalo ndilo hilo hilo la Vita, na Mtume (S.A.W.) akambadilishia kuwa Hassan.

Mapinduzi, kwa upande wake, limezeeka vizuri kuliko nilivyotarajia, na limevuka maji. Wapenzi wa soka watamkumbuka Mapinduzi Balama wa Yanga, aliyeifunga Simba kwa shuti la mbali katika sare ya 2-2 ya tarehe 4 Januari 2020, siku chache tu kabla ya sikukuu inayobeba jina lake. Kocha Jamhuri Kihwelo tumemzoea kwa jina la Julio, na ni Watanzania wachache wanaokumbuka kwamba nyuma ya Julio kuna jamhuri nzima. Hivyo ndivyo jina la siasa linavyostaafu kwa heshima. Linapitia mpira, linapitia utani, mwisho linakuwa jina la mtu.

Mara nyengine safari huwa ya kurudi nyuma, jina la mtu likaingia siasani. Jecha ni jina la kawaida la Unguja na Pemba, halikuwahi kumdhuru yeyote. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi mkuu wa visiwani. Toka siku hiyo jina hilo likavuka bahari, likawa neno la vijiwe vya Bara ambako zamani hata kulitamka walikuwa hawajui, na kila uchaguzi ukikaribia wanalitaja tena. Na tazama lilivyopangwa: Jecha Salim Jecha, mjukuu na babu jina moja. Desturi ileile iliyompa Karume mwana wa kumkumbuka baba yake ndiyo inayohakikisha akina Jecha wataendelea kuzaliwa, na kutaniwa.

Ndugu zetu walioko Maskati wana namna yao ya kupanga majina. Ndugu wawili wa baba mmoja, huyu wa Unguja jina lake linaishia kwa babu, yule wa Oman linaendelea hadi kabila, al hivi au al vile, kwa sababu pasipoti ya huko inataka hivyo. Kitu ambacho huku kilikwishakuwa kizito kukitaja baada ya 1964, huko ni cha lazima kwenye fomu.

Vyama vingi viliporudi 1992, niliyatarajia majina ya wazi zaidi kuliko yaliyokuja. Vurugu za 1995 na mauaji ya Januari 2001 yalimfundisha kila mzazi kwamba mtoto ataomba nafasi ya skuli, ataomba kitambulisho, ataomba kazi, na mahali pote hapo jina litatangulia kusomwa. Kwa hiyo tukarudi kwenye ule ufundi wa Nassor wa Darajani. Majina yetu ya siasa siku hizi yana mlango wa nyuma. Katika maduka ya kanga ya Mchangani utamkuta bibi anachagua doti ya kumfungia mjukuu aliyezaliwa juzi, na akiulizwa anaitwa nani, anajibu Seif. Hakuna anayeinua macho. Yumkini ni Maalim Seif, aliyefariki 17 Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na yumkini ni mjomba wake wa Kiembesamaki. Duka la pili mtoto ni Hussein, naye kazaliwa baada ya Novemba 2020, Rais Hussein Ali Mwinyi alipoingia Ikulu. Muulize baba mtu. Atakwambia ni jina la mjukuu wa Mtume, na atakuwa hajasema uongo.